Alama za PHQ-9 zimeshuka baada ya vikao vya unasihi: naweza kuripoti kwamba programu imefanya kazi?

Afisa_Tathmini

Wakuu, naomba msaada wa kitaalamu. Programu yetu inatoa unasihi wa vikundi kwa walezi wa watoto wenye ulemavu: vikao 10, kimoja kwa wiki, watu saba kwa kikundi. Anayeingia ni mlezi aliyepata alama 10 au zaidi kwenye PHQ-9 (dodoso la maswali tisa la kupima sonona, alama 0 hadi 27) siku ya uchunguzi. Dodoso hilohilo linajazwa tena kwenye kikao cha mwisho.

Walioanza ni 84. Waliojaza mara zote mbili ni 52, na wastani wao umetoka 15.6 hadi 10.1. Jaribio la t la jozi (la kulinganisha vipimo viwili vya watu walewale) linatoa p chini ya 0.001. Kundi la kulinganisha hatuna. Mfadhili anataka ripoti iseme kama programu imepunguza sonona, na awamu ya pili inaanza karibuni.

Naomba kujua mawili: kwa data hizi naruhusiwa kusema nini, na awamu ya pili niipangeje? Kwenye awamu hiyo waombaji watakuwa wengi kuliko nafasi.

---

Mizani

Mkuu, hiyo p isikupe faraja. Inakuambia tu kwamba kushuka kwa hao 52 si rahisi kuwa ni bahati ya sampuli. Kilichosababisha kushuka haikigusi hata kidogo.

Tatizo la kwanza ni watu 32 wasio na kipimo cha pili, yaani asilimia 38 ya walioanza. Dodoso lako la mwisho linajazwa ndani ya kikao cha mwisho, kwa hiyo umewapima waliodumu peke yao. Anayezidiwa na sonona mara nyingi ndiye wa kwanza kushindwa kutoka nyumbani. Fanya hesabu moja ya tahadhari: chukulia kwamba hao 32 hawakubadilika kabisa. Waliobaki walishuka alama 5.5, na 5.5 × 52 ÷ 84 ni 3.4. Huo ndio wastani wa kushuka kwa wote 84. Sisemi 3.4 ndiyo kweli, maana baadhi ya walioondoka huenda walipata nafuu na wengine wakazidiwa. Nasema msomaji wa ripoti ana haki ya kuiona kando ya 5.5. Pia linganisha alama za mwanzo, umri na idadi ya watoto kati ya 52 na 32. Kama walioondoka walianza na alama za juu zaidi, iandike waziwazi.

La pili huwaponyoka wengi: kurejea kwenye wastani. Francis Galton alilieleza mwaka 1886 kwa vimo vya wazazi na watoto, na linafanya kazi vilevile kwenye madodoso. Umewachagua watu kwa sababu siku ile alama zao zilikuwa juu. PHQ-9 inauliza wiki mbili zilizopita tu, na watu hutafuta msaada wakiwa kwenye wiki zao mbaya kuliko zote. Ukiwapima tena bila kuwafanyia lolote, wastani wao utashuka.

Kiasi cha kushuka kinakadirika hivi: (1 − r) × (wastani wa waliochaguliwa − wastani wa wote waliochunguzwa), ambapo r ni uhusiano kati ya vipimo viwili vya watu walewale ambao hawajapata huduma. Tuseme wote waliochunguzwa, pamoja na wale ambao hawakufikisha 10, walikuwa na wastani wa 8, na r ni 0.7. Basi 0.3 × 7.6 ni karibu 2.3. Weka namba zako halisi, unazo kwenye fomu za uchunguzi. Kisha tazama hiyo 2.3 ukiiweka kando ya 3.4.

Hapo sijagusa nafuu inayokuja yenyewe kwa kupita muda, wala mabadiliko mengine yaliyowapata walezi katika miezi hiyo. Watafiti Campbell na Stanley waliorodhesha matishio haya mwaka 1963, na muundo wa kabla na baada bila kundi linganishi hauzuii mengi kati yake.

---

Kura_ya_Haki

Nijibu la pili. Kama waombaji ni wengi kuliko nafasi, tayari una watu watakaosubiri. Swali lililobaki ni nani anasubiri, na kura ndiyo njia ya haki kuliko "aliyewahi kufika", kwa sababu anayewahi mara nyingi ni yule anayeishi karibu au mwenye jamaa ofisini.

Mpangilio wake uwe hivi. Chunguza waombaji wote. Baada ya wiki mbili wapime tena, na kipimo hicho cha pili ndicho kiwe cha msingi. Sehemu kubwa ya kule kurejea kwenye wastani itakuwa imeshatokea kati ya vipimo hivyo viwili. Ndipo upige kura, na iwe baada ya kipimo cha msingi, kamwe si kabla, la sivyo anayejua yuko kundi gani atajaza dodoso kwa kulijua hilo. Orodha ya kura aiandae mtu asiyewafahamu washiriki, majibu yakae kwenye bahasha zisizoonyesha ndani, zenye namba mfululizo, na zifunguliwe kwa mfuatano. Mnasihi akiweza kuchungulia bahasha inayofuata, kura imekufa.

Kundi la kwanza linaanza vikao, la pili linasubiri. Makundi yote mawili yanapimwa wiki ileile baada ya vikao kuisha, na kundi la pili linapimwa kabla halijaanza vikao vyake.

Idadi: kugundua tofauti ya nusu ya mkengeuko sanifu, yaani kipimo cha jinsi alama zinavyotawanyika (kwa PHQ-9 yenye mkengeuko wa 5, hiyo ni alama 2.5), kwa nguvu ya asilimia 80 (uwezekano wa kuiona tofauti ikiwa ipo) na kiwango cha 0.05 (uwezekano wa kuiona wakati haipo), unahitaji watu 64 kila upande. Vikundi vya watu saba vinaongeza mahitaji, kwani waliokaa chumba kimoja hufanana. Kizidishi ni 1 + (7 − 1) × uhusiano wa ndani ya kikundi, yaani kiasi wanavyofanana. Ukiwa 0.05, unapata 1.3, na 64 inakuwa 84. Halafu gawa kwa sehemu unayotarajia itabaki: ukitarajia asilimia 20 wapotee, 84 ÷ 0.8 ni 105 kila upande. Habari njema ni kwamba ukiingiza alama za mwanzo kwenye rigresheni (hesabu inayolinganisha makundi huku ikizingatia alama hizo), mahitaji yanazidishwa kwa 1 − r². Uhusiano wa 0.5 kati ya kipimo cha mwanzo na cha mwisho unakupunguzia robo nzima.

---

Mnasihi_Mkuu

Naheshimu hesabu za Kura_ya_Haki, ila kuna jambo haliwezi kupita hivi. Mlezi mwenye alama 22 huwezi kumwambia asubiri miezi mitatu kwa sababu ya bahasha. Mahali pengi kanuni ya kazi ni kwamba aliyezidiwa zaidi anahudumiwa kwanza, na hiyo si kanuni ya kupindishwa kwa ajili ya utafiti.

---

Kura_ya_Haki

Nakubaliana nawe kabisa, na nilipaswa kulitanguliza. Kabla ya kura watolewe wote wenye alama 20 au zaidi, pamoja na yeyote aliyejibu zaidi ya 0 kwenye swali la tisa, lile la mawazo ya kufa au kujidhuru. Hao wanahudumiwa mara moja na hawaingii kwenye ulinganisho. Gharama yake ni kwamba matokeo hayatawahusu waliozidiwa zaidi, na ripoti iseme hivyo.

Kama taasisi inasisitiza kwamba uzito wa hali ndio uamue kwa kila mtu, basi acha kura na utumie mstari wa kukata. Mfano: 15 na zaidi wanaanza sasa, 10 hadi 14 wanasubiri. Baadaye unalinganisha walio karibu na mstari, juu na chini, na kutazama kama matokeo yanaruka pale mstari ulipo. Thistlethwaite na Campbell waliutumia muundo huu mwaka 1960. Unahitaji takribani mara tatu ya washiriki wa kura, na mstari usivunjwe kwa huruma. Wanasihi wakishajua ni 15, utaona 14 zinageuka 15 kwenye fomu. Chora grafu ya mgawanyo wa alama: mrundikano kwenye 15 na pengo kwenye 14 ni ishara kwamba muundo umeharibika.

Jambo jingine kuhusu kusubiri: mtu aliyeahidiwa huduma anaweza kuacha kutafuta msaada kwingine, na hilo linaikuza tofauti kwa upande wako. Waulize wote wawili, waliohudumiwa na wanaosubiri, ni msaada gani mwingine wameupata.

---

Dodoso_Safi

Mmeongea vizuri kuhusu muundo. Mimi nina wasiwasi na upimaji wenyewe, maana muundo mzuri haufuti data mbovu.

Nani aliuliza maswali mwishoni? Kama ni mnasihi yuleyule aliyekaa na mlezi wiki kumi, mlezi atampa jibu la shukrani. Aulize mtu asiyetoa huduma, na njia isibadilike. Ukianza kwa mtu kujaza mwenyewe na ukamaliza kwa kusomewa kwa sauti, sehemu ya mabadiliko ni ya njia.

Kosa kubwa zaidi katika maelezo yako, ndugu Afisa, ni kumhesabu aliyeacha vikao kama aliyeacha utafiti. Hayo ni mambo mawili. Siku ya kwanza chukua ridhaa mbili, ya huduma na ya kupimwa, kisha namba ya mshiriki na za watu wawili wa karibu anaoruhusu watafutwe. Weka kanuni ya majaribio, kwa mfano simu tatu kwa siku na saa tofauti, kisha ujumbe mmoja. Aliyehudhuria kikao kimoja anapimwa wiki ileile na aliyehudhuria vyote kumi, na katika uchambuzi anabaki kwenye kundi alilopangiwa. Mahudhurio yaandikwe kila kikao, lakini usiyatumie kuthibitisha kwamba waliohudhuria zaidi walipona zaidi: waliopata nafuu huja kwa sababu wana nguvu ya kuja.

Swali la tisa linahitaji utaratibu ulioandikwa kabla ya dodoso la kwanza kutolewa: nani anasoma fomu siku hiyohiyo kabla mlezi hajaondoka, nani anafanya tathmini ya usalama, nani anapigiwa. Fomu zinazokaa kwenye boksi hadi zitakapoingizwa kwenye kompyuta ni hatari.

Maswali yaliyorukwa: yakiwa moja au mawili, chukua wastani wa yaliyojibiwa, zidisha kwa 9. Yakizidi mawili, fomu hiyo haina jumla. Usijaze sifuri. Hesabu nyingi za "nafuu" zimezaliwa na sifuri za namna hiyo.

Mwisho, wastani unaficha watu. Kwa kila mlezi tumia kipimo cha mabadiliko ya kuaminika cha Jacobson na Truax cha mwaka 1991, kinachoonyesha kama badiliko la mtu mmoja ni kubwa kuliko kosa la upimaji. Mkengeuko sanifu ukiwa 5 na uthabiti wa kipimo (kiasi kinavyoaminika, 1 ikiwa kamili) 0.84, kosa la upimaji ni 5 × √0.16, yaani 2. Zidisha kwa √2, kisha kwa 1.96, unapata karibu 5.5. PHQ-9 haina nusu alama, kwa hiyo ni kushuka kwa alama 6 au zaidi ndiko kunakovuka kelele za kipimo. Ripoti ni wangapi walifika huko, wangapi walibaki palepale na wangapi walipanda kwa 6. Hao wa mwisho wasifichwe, wanasihi wanawahitaji kuliko mfadhili.

---

Afisa_Tathmini

Nashukuru sana, nimepata mengi. Nina fomu za wote waliochunguzwa, kwa hiyo hesabu ya Mizani nitaifanya. Mawili yamebaki: hao 32 bado naweza kuwapigia simu sasa? Na sentensi ya ripoti niiwekeje bila kudanganya wala kuidhalilisha programu?

---

Mizani

Wapigie, mradi ridhaa yao inaruhusu kutafutwa na kamati ya maadili haina pingamizi. Usichanganye alama zao na za wale 52, kwani muda na njia vimetofautiana. Ziweke kwenye safu yake. Waulize pia kwa nini waliacha, kwa swali lililo wazi: "Ni mambo gani yalifanya vikao visiendelee kwako?" Ukiuliza "Ulipata tatizo la usafiri?" wengi watasema ndiyo na utajenga mpango mzima juu ya jibu ulilowawekea mdomoni.

Ukiweza, fanya mahojiano ya kina na walezi 12 hadi 15 waliochaguliwa kwa makusudi: walioshuka sana, wasiobadilika, waliopanda na walioacha. Wanasihi wasiwachague wao, watakuletea waliofurahi.

Sentensi ningeiandika hivi: "Kati ya walezi 84 walioanza, 52 walipimwa mwanzoni na mwishoni, na wastani wao wa alama za sonona ulishuka kutoka 15.6 hadi 10.1. Tukichukulia kwamba walezi 32 ambao hawakupimwa tena hawakubadilika, kushuka kwa wote ni alama 3.4. Kwa kuwa hapakuwa na kundi linganishi, na washiriki walichaguliwa wakiwa na alama za juu, hatuwezi kutenganisha mchango wa programu na nafuu ambayo ingetokea bila programu. Awamu ya pili imepangwa kulijibu swali hilo."

Sentensi hiyo ya mwisho iandike tu kama muundo wa kura au wa mstari umeshakubaliwa kwa maandishi. Na kabla ya kumchunguza mwombaji wa kwanza, andika ukurasa mmoja wenye tarehe: kipimo kikuu ni kipi, kitapimwa wiki ya ngapi, uchambuzi upi utatumika, na walioacha watahesabiwaje. Mpe mfadhili nakala siku hiyohiyo.