Baba watoto ananitoa kwenye nyumba tuliyojenga wote. Nina haki yoyote?

MamaTatu
Habari zenu ndugu. Naomba ushauri, matusi niachieni, ya mawifi yamenitosha. Nimekaa na baba watoto karibu miaka kumi hapa Arua, Uganda, tuna watoto watatu, ndoa hatukufunga. Yeye ni dereva wa lori, anapeleka mizigo Juba kupitia mpaka wa Elegu. Mimi nauza samaki wakavu sokoni. Kiwanja tulinunua pamoja, nyumba tukaipandisha kidogo kidogo, mabati yalitoka kwenye hela yangu ya kikundi. Sasa ana mwanamke huko Elegu, na amemtuma kaka yake aniambie nihame kabla shule hazijafunguliwa. Miaka yote hiyo hainifanyi mke? Nyumba si yetu sote?

Mzee_wa_Kahawa
Pole binti yangu. Lakini nyinyi wa siku hizi mnaanza na kitanda, kanisa mnalikumbuka mabati yakishapigwa misumari.

BongoHuru
Dada, usitishike. Kwetu Tanzania Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 160, inasema mkikaa pamoja miaka miwili na majirani wakawajua kama mume na mke, mahakama inaweza kuwahesabu mmeoana. Nenda kadai, umeshinda.

Karani_Gulu
BongoHuru, hiyo sheria inaishia mpakani Mutukula. Huku Uganda mkae hata miaka thelathini, bila ndoa inayotambulika wewe si mke kisheria. Bungeni mwaka 2013 ulijadiliwa muswada wa ndoa na talaka uliogusa pia mali za watu wanaokaa tu pamoja. Kelele zikawa nyingi, ukawekwa kando. MamaTatu, nijibu mawili: mahari ilitoka? Na makubaliano ya kununua kiwanja yana jina la nani?

Boda_Ntinda
Mimi niliacha nyumba, nikaacha na tivii, nikaondoka na helmeti tu. Nina amani hadi leo.

MamaTatu
Walileta mbuzi wawili. Ng'ombe waliahidi. Jina kwenye karatasi ni lake, mimi niliweka sahihi kama shahidi. Lakini mtaa mzima unajua ile ni nyumba yangu.

Dada_Koboko
Mbuzi wawili! Basi hata hamkufika nusu ya njia. Dada yangu yalimkuta hayo mzee wake alipofariki. Yeye kama mke hakupata kitu kwa kuwa hawakuoana, ila watoto walipata, maana sheria ya mirathi iliyorekebishwa mwaka 2022 haibagui mtoto wa ndoa na wa nje. Shemeji walikuja na panga, mwenyekiti wa LC1, yule wa kijiji, akajifanya ana homa, mimi ndiye nilisimama mlangoni na mwiko wa ugali. Hadithi yake ndefu, nitaileta siku nyingine.

Karani_Gulu
Dada_Koboko, huyu wa kwetu bado yuko hai na anaendesha lori. MamaTatu, tenganisha mambo. La nyumba: usidai kama mke, dai kama mtu aliyechangia. Risiti za mabati, daftari la kikundi, meseji za mobile money kwa fundi, hivyo ndivyo hakimu atataka kuviona. Hata sahihi yako ya shahidi inaonyesha ulikuwepo siku ya kununua. La watoto halitegemei ndoa kabisa. Sheria ya Watoto inambana mzazi kwa chakula, shule, matibabu na makazi. Anza kwa afisa wa probesheni wa wilaya, yule wa ustawi wa jamii. Akikaidi, mahakama ya familia na watoto inaweza kumwamuru atoe matunzo. Wakili akikushinda bei, FIDA Uganda, chama cha mawakili wanawake, husaidia wanawake bure.

MamaTatu
Asante sana kaka. Na mtu akiuza nyumba ambayo karatasi ina jina la mwingine, mnunuzi anapata shida?

Karani_Gulu
Swali hilo limetoka wapi?

Dada_Koboko
Eee, sema mama.

MamaTatu
Kuna mtu amenipa advansi, milioni nne. Tayari nimelipa karo na deni la samaki. Msinihukumu. Yeye aliuza pikipiki yetu bila kuniuliza, hakuna aliyemwita mwizi. Mnunuzi ni mtu mzuri, anaswali, amesema atasubiri karatasi.

Karani_Gulu
Simamisha hilo jambo leo. Mnunuzi akigundua, anaweza kukufungulia kesi ya kupata hela kwa udanganyifu, na baba watoto atacheka tu. Una madai mazuri kwenye mabati, unayaharibu mwenyewe.

Mzee_wa_Kahawa
Ndiyo maana nikasema kanisa.

Kichwa_Ngumu
Mnalishwa chumvi nyie. Watoto watatu ndani ya miaka kumi, halafu kwenye ule uzi wake wa chanjo aliandika mkubwa ana miaka kumi na mbili. Hesabu haikubali. Hii ni stori ya kutungwa, kesho ataomba namba za kuchangiwa.

Boda_Ntinda
Nilijua! Samaki wakavu wa Arua wana harufu, huyu hana.

Dada_Koboko
Aibu kwenu. Mtu analia, nyie mnahesabu vidole.

MamaTatu
Wa kwanza nilikuja naye. Ila baba watoto amemlea tangu akiwa mdogo, mtoto anamwita baba. Kuna ubaya gani kusema watatu?

Karani_Gulu
Moyoni hakuna ubaya. Mahakamani, matunzo ya huyo wa kwanza yanadaiwa kwa baba aliyemzaa. Hao wawili tafuta vyeti vyao vya kuzaliwa vyenye jina la baba. Akiwakana, kuna kipimo cha DNA katika maabara ya serikali Wandegeya, Kampala.

Kichwa_Ngumu
Kwa hiyo hesabu yangu ilikuwa sawa. Nasubiri kuombwa radhi.

BongoHuru
Mimi bado nasema kifungu cha 160.

Fundi_Viwanja
Hiyo nyumba iko upande wa Mvara au Ediofe? Ina vyumba vingapi?

Karani_Gulu
Wewe nawe!

MamaTatu
Mvara, vyumba vitatu na jiko la nje. Jumatatu naenda kwa probesheni kama Karani alivyosema. Lakini yule mnunuzi wa kwanza anasuasua. Fundi, wewe una ngapi mkononi?