Kano ya mbele ndani ya goti (ACL) imechanika: apasuliwe lini?

Wakuu, mchezaji wa miaka 22, siku ya 5 tangu aumie. Eksirei haina mvunjiko, goti limevimba na halinyooki. Apasuliwe sasa?

— Asiharakishwe, mkuu. Barafu ndani ya kitambaa dakika 15–20, mguu uinuliwe, akaze msuli wa mbele ya paja. Goti likipasuliwa lingali limevimba na kukakamaa, huweza kujaa kovu na kugoma kunyooka.

— Naongezea: kama limekwama kabisa, MRI (picha ya sumaku inayoonyesha kano na gegedu) upesi. Huenda kipande cha gegedu kimeziba kiungo, hilo halingojei. Eksirei itazamwe tena juu ya muundi, wakati mwingine kano hung'oa kipande cha mfupa.

— Tafadhali, asirudi uwanjani kabla ya miezi 9 tangu apasuliwe, hata maumivu yakiisha. Nguvu ya paja ifikie angalau 90% ya ile ya mguu usioumia.