Chekechea kwa bahati nasibu Washington: mtoto akose shule iliyo mlangoni pake, ni haki?

Mleta mada

Wadau, nina uchungu na jambo hili, naomba tulijadili kwa hoja. Hapa Washington, D.C., mtoto aliyetimiza miaka 3 ifikapo Septemba 30 anaweza kusoma chekechea ya umma bure. Sheria ya kuipanua ilipitishwa mwaka 2008, na anayejua gharama ya kumlipia mtoto malezi ya mchana katika jiji hili ataelewa nikisema ni neema. Tatizo ni namna ya kuipata nafasi. Unajaza fomu moja mtandaoni, unapanga shule zisizozidi 12 kwa unavyozipenda, kisha kompyuta inachezesha bahati nasibu. Majibu hutoka mwishoni mwa Machi.

Shule niliyoiweka namba moja naiona kwenye dirisha la jikoni. Mwanangu anaijua bembea yake nyekundu, na kengele ikilia huacha uji na kukimbilia dirishani. Tunaishi ndani ya mipaka ya shule hiyo, na wa ndani ya mipaka hupewa kipaumbele, ila kwa umri huu hawahakikishiwi nafasi isipokuwa katika shule chache. Haki ya nafasi inaanza darasa la watoto wa miaka 5. Waliokuwa na kaka na dada mle ndani walitangulia, nafasi zikaisha. Sisi tukawa wa 31 kwenye orodha ya kusubiri, tukapangiwa shule yangu ya nne, ng'ambo ya mto Anacostia. Mabasi mawili. Saa 12 na dakika 40 asubuhi namfunga zipu ya koti akiwa bado amefumba macho.

Hoja yangu: watoto wa miaka 3 na 4 wapewe kwanza haki ya shule ya eneo lao. Zitakazobaki ndizo zichezeshwe.

Mchangiaji wa kwanza

Dada, pole sana na safari za alfajiri. Lakini napinga. Ukiipa anwani haki, umeipa kodi ya nyumba haki. Nani kati yetu anaweza kupanga nyumba magharibi ya Rock Creek Park, kwenye mitaa ya wenye pesa? Mimi naishi mashariki ya mto, kwa wenye kipato kidogo, na binti yangu anasoma shule ya Kihispania na Kiingereza kwa sababu kompyuta haikuniuliza nalipa kodi kiasi gani. Na siku hizi zipo shule zinazowapa kipaumbele watoto wasio na makazi, waliopangiwa na serikali familia nyingine za kuwalea, na wa familia zinazopata msaada wa chakula.

Kumbuka pia mwaka 2018. Mkuu wa shule za umma za jiji, Antwan Wilson, alijiuzulu baada ya kubainika kwamba binti yake alihamishiwa sekondari inayogombaniwa bila kupitia bahati nasibu. Foleni ni ya wote, hata ya mkubwa. Hilo mimi siliachii.

Mchangiaji wa pili

Ndugu zangu, kabla ya 2014 shule nyingi za umma zinazoendeshwa na taasisi binafsi kwa mkataba zilikuwa na fomu zake. Ulizunguka mpaka viatu vikaisha. Tusirudi huko. Na mzazi mgeni asidanganywe aweke juu shule "rahisi" ili apate. Panga kwa moyo wako. Ukipata ya nne, unabaki kwenye orodha ya kusubiri ya zile tatu za juu, za chini yake zinafutika. Orodha hizo husogea mpaka shule zifunguliwe na hata baada ya hapo, kwa hiyo mleta mada usikate tamaa na 31.

Mleta mada

Kwenye kodi umenishinda, nakubali. Sikuwa nimeiona hivyo. Lakini nauli je? Jiji linawapa wanafunzi wa miaka 5 hadi 21 kadi ya kupanda basi na treni bure. Wangu wa miaka 3 hatozwi kwa udogo wake, ila hawezi kwenda peke yake. Mimi ninayemshika mkono nalipa: kumpeleka, kwenda kazini, kumfuata, kurudi naye. Mwenye gari akisoma orodha anaona shule 12. Mimi naona zile tu ambazo nikishamfikisha bado nitawahi zamu ya saa 3. Basi bahati nasibu ibaki, lakini mzazi anayemsindikiza mtoto wa miaka 3 au 4 apewe kadi kama ya wanafunzi.

Mchangiaji wa kwanza

Kwa hilo la kadi tuko pamoja, dada. Uliandike, ukalisome mbele ya baraza la jiji siku wakisikiliza wananchi kuhusu bajeti ya shule. Nitakuja kukaa nyuma yako na binti yangu. Haki ya anwani bado naikataa.