Naomba ushauri: sindano za wodi nzima kuvutwa mapema na kupangwa kwenye trei moja

Nesi_Pasua ameandika:

Wakubwa zangu shikamooni, na wenzangu wa rika langu habari za kazi. Mimi ni muuguzi, nimeajiriwa si muda mrefu katika hospitali moja hapa Moshi, wodi ya watu wazima. Hospitali sitaitaja, kwa sababu ninachotafuta ni ushauri wa kitaaluma na si kumchafulia mtu jina.

Zamu ya usiku tunapangwa wawili, lakini mara nyingi mmoja huitwa kusaidia wodi ya jirani, hivyo dawa za saa sita usiku na za saa kumi na mbili asubuhi hubaki mikononi mwa mtu mmoja. Ili kuokoa muda, utaratibu niliokuta ni huu: muuguzi anakaa mezani na mafaili, anachanganya sindano za wagonjwa wote, anazivuta kwenye mabomba ya sindano, anayapanga kwenye trei kwa kufuata mpangilio wa vitanda, kisha anazunguka nayo. Mabomba hayaandikwi chochote. Wakati mwingine aliyevuta siye anayechoma. Anamwelekeza mwenzake tu kwamba safu ya juu ni ya vitanda vya dirishani na ya chini ni ya upande wa mlango.

Nikiitazama trei hiyo moyo hautulii. Furosemaidi (ya kuongeza mkojo) ya ampuli moja, yaani kichupa kimoja cha dawa ya sindano, na metoklopramaidi (ya kuzuia kutapika) ya ampuli moja zote ni mililita mbili, zote hazina rangi, na zikishaingia kwenye bomba hakuna jicho linaloweza kuzitofautisha. Isitoshe, huku kwetu majina yanafanana. Kuwa na akina Massawe wawili na akina Mushi watatu wodini kwa wakati mmoja si ajabu, hasa mwezi wa Desemba watu wanapopanda nyumbani kula sikukuu. Bibi aliyeletwa kutoka Kibosho ukimwuliza, "Wewe ndiye Mama Massawe?", ataitikia, "Ndiyo mwanangu," hata kama siye, ama kwa heshima ama kwa kuwa hakusikia vizuri.

Naomba mnisaidie mambo mawili. Je, ipo njia ya kutoa dawa kwa usalama mtu akiwa peke yake na wodi nzima? Na nitaanzaje kulisema jambo hili bila kuonekana najifanya najua kuliko dada zangu walionitangulia kazini?

Mama_Zamu amejibu:

Marahaba mwanangu. Umeuliza kwa adabu, nami nitakujibu bila kuzunguka: bomba lenye dawa ambalo halikuandikwa ni la kutupwa, hata kama aliyelivuta anaapa kwamba analikumbuka. Akili ya mtu aliyekesha haina ubavu wa kubeba mabomba ya wodi nzima, na trei hiyo ikigongwa na mlango mara moja tu, mpangilio wote umekwisha.

Chuoni tulifundishwa kuhakiki mambo matano, yaani mgonjwa, dawa, dozi, njia na wakati, na siku hizi wanaongeza kumbukumbu na sababu ya dawa. Wengi wanaikariri orodha hiyo kama sala ya asubuhi, lakini wanasahau mahali pa kuifanyia kazi. Mambo hayo huhakikiwa kando ya kitanda, ukiwa na kadi ya dawa mkononi, ampuli bado ipo mbele yako na mgonjwa anakutazama. Ukivutia mezani na kutupa ampuli kwenye kasha, ukifika kitandani huna tena cha kuhakiki, bali unabaki kuamini. Ndiyo maana troli ya dawa iliwekewa magurudumu.

Kwa hiyo shughulikia mgonjwa mmoja kwa wakati mmoja. Soma lebo unapoichukua dawa, isome tena unapoivuta, na isome mara ya tatu kabla ya kutupa ampuli. Anayevuta ndiye anayechoma, na anayechoma ndiye anayesaini, tena baada ya kuchoma na si kabla. Kama dozi haikutolewa, iwe dawa imekwisha stoo au mgonjwa amekataa, andika hivyo pamoja na sababu, kwa sababu nafasi iliyoachwa wazi itamfanya wa zamu ya asubuhi ajiulize kama atoe au asitoe.

Kuhusu bibi yako wa Kibosho, usimtajie jina. Mwambie, "Bibi, naomba uniambie majina yako yote matatu," umwache ataje mwenyewe, kisha ulinganishe na kadi na namba ya faili. Asiyeweza kusema ahakikiwe kwa mkanda wa mkononi. Kama mikanda haipo, plasta iliyoandikwa majina na namba ya faili inatosha kwa kuanzia. Namba ya kitanda si utambulisho, kwa kuwa wagonjwa huhamishwa vitanda mchana na wewe unaingia usiku.

Dada zako usiwahubirie. Ukikabidhiwa bomba lisilo na maandishi, sema tu, "Dada, naomba hii nivute upya mwenyewe, ili nisaini nilichokivuta." Sijaona anayegombana na maneno hayo. Baadaye mwombe muuguzi kiongozi troli, rola ya plasta na kalamu, kwa maandishi mafupi yasiyotaja kosa la mtu.

Kaka_Himo amejibu:

Shikamoo mama. Kwa heshima zote, nadhani ushauri huu umeandikwa kwa ajili ya wodi yenye watu wa kutosha. Muuguzi akiwa peke yake na wagonjwa thelathini, akienda na troli kitanda kwa kitanda, dawa ya saa sita ya mgonjwa wa mwisho ataitoa saa nane. Hapo atakuwa ameepuka kosa la bomba na kuingia kwenye kosa la wakati. Sitetei mabomba yasiyoandikwa, ila tusimwambie binti huyu kwamba tatizo litaisha kwa kubadilisha tabia tu. Tatizo kubwa ni idadi ya watu kwenye zamu.

Mfamasia_Majengo amejibu:

Kaka Himo yuko sahihi kuhusu idadi, lakini hoja ya wakati ina jibu lake, maana si kila dawa huharibika ikichelewa. Dozi ya kwanza ya antibayotiki kwa mgonjwa mwenye maambukizi makali ya damu, insulini inayokwenda na chakula, dawa za kifafa, hizi hazingoji. Omeprazo ya tumbo na vitamini zinangoja bila madhara. Nesi_Pasua, anapoanza zamu, azipitie kadi zote kwanza na kuweka alama kwenye zile zisizongoja, azitoe hizo kabla, halafu zilizobaki aende nazo kwa utulivu.

Jambo la pili hufanyika mchana lakini faida yake huonekana usiku. Nimeona mara nyingi mgonjwa anakula ugali na nyama vizuri kabisa, anatembea hadi uani kuota jua, na bado anachomwa metronidazo ya dripu kila baada ya saa nane, wakati vidonge vyake vipo na vinafanya kazi ileile. Muuguzi aliyeona hivyo amkumbushe daktari kwenye raundi ya asubuhi. Ukipunguza sindano tano kwa njia hiyo, umepunguza pia nafasi tano za kukosea, na hukuhitaji ajira mpya.

Plasta ya bomba iwe na jina la mgonjwa na namba ya faili, jina la dawa, dozi, saa iliyovutwa na herufi za aliyevuta. Hii ni kwa ile hali isiyozuilika ambapo unavuta hapa na kuchoma pale. Isigeuzwe ruhusa ya kurudi kwenye trei ya wodi nzima.

Kuna dawa ambazo sitaki kuziona kwenye trei ya pamoja hata zikiandikwa. Potasiamu kloraidi kali ikisukumwa moja kwa moja kwenye mshipa husimamisha moyo. Lazima izimuliwe kwenye dripu na iende polepole, na ampuli zake zisikae rafu moja na maji ya kuchanganyia. Heparini (ya kuzuia damu kuganda) na mofini zihakikiwe na watu wawili, na kama uko peke yako, mwite wa wodi ya jirani, hata kama ni kwa dakika mbili. Insulini ya kawaida ina yuniti 100 katika mililita moja, hivyo tumia bomba lake maalumu, na neno yuniti liandikwe lote. Ile herufi U ya mkato ikiandikwa kwa haraka hufanana na sifuri, na yuniti 4 husomwa 40. Vivyo hivyo andika 0.5, usiandike .5, wala usiandike 5.0.

Na kwa kuwa seftriaksoni ndiyo antibayotiki inayotumika sana: isichanganywe na dripu ya Ringa wala kupitishwa nayo kwenye mpira mmoja kwa wakati mmoja, kwa sababu Ringa ina kalisiamu na hutengeneza chembe. Kwa watoto wachanga mchanganyiko huo umewahi kuua.

Mkunga_wa_Soweto amejibu:

Naongezea la wodi ya wazazi, maana huko hesabu ndiyo inayotuhukumu. Chukueni jentamaisini, antibayotiki ya sindano. Ampuli ina miligramu 80 katika mililita 2. Mtoto wa kilo 3 katika wiki ya kwanza anahitaji miligramu 5 kwa kila kilo, yaani miligramu 15, ambayo ukiivuta bila kuzimua ni chini ya nusu mililita. Kwenye bomba la mililita 5 kipimo hicho hakionekani sawasawa, na kidole kikiteleza kidogo tu umezidisha. Sisi tunaongeza maji mililita 6, jumla zinakuwa 8, kila mililita inabeba miligramu 10, na mtoto anapata mililita 1.5 kwenye bomba la mililita 2. Mtoto aliyezaliwa na uzito pungufu dozi yake ni ndogo zaidi, miligramu 3 kwa kilo, kwa hiyo apimwe kwenye mizani. Uzito wa kukadiria kwa macho haukubaliki.

Magnesiamu salfeti, ya kuzuia degedege la kifafa cha mimba, nayo haichomwi kwa mazoea. Kabla ya kila dozi ya kuendelea, mama ahesabiwe pumzi, zisipungue 16 kwa dakika, goti ligongwe kuona kama linaitikia, na mkojo usiwe chini ya mililita 30 kwa saa. Kalisiamu glukoneti, ambayo ndiyo dawa ya kuizimua ikizidi mwilini, iwe karibu, mahali ambapo hata mgeni wa zamu ataiona. Na sindano ya mama isikae trei moja na ya mtoto, kamwe. Imeshatokea katika nchi mbalimbali mtoto kuchomwa ergometrini ya mama (ya kuzuia damu kutoka baada ya kujifungua) badala ya vitamini K.

Ndugu_wa_Mgonjwa amejibu:

Samahanini wataalamu, mimi si wa fani yenu. Je, sisi tunaouguza tuna haki ya kuuliza sindano ni ya nini, au tutaonekana wakorofi?

Mama_Zamu amejibu:

Uliza, ndugu yangu. Na ukisema, "Hii amechomwa jioni," au, "Dawa hii ilimwasha mwili mwaka jana," muuguzi mwenye busara atasimama na kurudi kwenye kadi kabla ya kugusa kanula, ule mpira mdogo uliopachikwa mshipani.

Nesi_Pasua ameandika:

Nawashukuru sana. Jana usiku nilianza na kuweka alama kwenye kadi kama alivyosema mfamasia, na kazi ilikwenda. Nimebakiwa na swali moja. Daktari wa zamu akiagiza dawa kwa simu, kisha asubuhi asifike kuandika, mimi nimesimama wapi? Tena simu hiyo hunikuta katikati ya kuvuta dawa ya mtu mwingine.

Mama_Zamu amejibu:

Kwanza malizia bomba ulilonalo au litupe, ndipo upokee. Agizo la simu ni la dharura tu. Liandike hapohapo kwenye faili, pamoja na saa na jina la aliyeagiza, kisha msomee yeye mwenyewe: jina la mgonjwa, dawa, dozi, njia. Tarakimu zitaje moja moja, "moja, tano," ili kumi na tano isigeuke nyingine kwenye mtandao mbovu. Kama mwenzako yupo, asikilize pia. Dawa usiyoielewa au dozi inayokutia shaka, mwambie wazi, "Daktari, naomba uje umwone," na uandike kwamba umemwambia. Kabla ya makabidhiano faili hilo liwe juu ya meza, na umpe muuguzi kiongozi taarifa kwamba kuna agizo halijasainiwa, ili yeye ndiye amfuate daktari na si wewe uliyekesha.

Mfamasia_Majengo amejibu:

Na mgonjwa akipata vipele, kuvimba uso au kubanwa kifua baada ya dawa, ukishamhudumia, jaza ile fomu ya njano ya TMDA, yaani Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, ya kuripoti madhara ya dawa. Ukikosa nakala wodini, njoo dirishani kwetu. Zinakaa kwenye droo na hakuna anayeziomba.