Naomba ushauri: bodi ngumu ya kufunga kigari cha gofu, milango ya bawaba au ya reli?

Mtulivu_Sana
Wakuu, habari zenu. Mimi si mtu wa kuanzisha nyuzi, huwa napita kimya kimya na kusoma, ila hili limenikwama kooni.

Nina kigari cha gofu cha siti mbili, paa fupi. Mvua za safari hii zimenitesa. Upepo ukija wa ubavuni paa halisaidii kitu, unafika suruali imelowa mguu mmoja, mwingine mkavu. Turubai la zipu silitaki. Nataka bodi ngumu: fremu ya aluminiamu, madirisha ya plastiki ngumu, milango inayofunga kweli, na nyuma pazibwe kabisa.

Swali langu ni moja tu. Milango ya bawaba au ya kuteleza kwenye reli? Moyo wangu umeegemea bawaba. Aliyewahi kutumia aniambie, ila naomba tusitoke nje ya mada.

Kwa sasa nimejishikiza na nailoni nzito na tepu pande zote. Mvua haiingii, ila mke wangu kila akipanda anashuka analalamika kichwa. Nadhani ni harufu ya nailoni mpya. Ndiyo maana nataka nilimalize mapema.

Natanguliza shukrani.

Siti_ya_Mbele
Nimeshaweka kiti hapa. Wajuzi wakipita mnistue, sisi wa kwa miguu tunajifunza.

Fundi_Mtaratibu
Mkuu, mlango ulipaswa kuwa swali la tatu, lakini tuanze nao. Bawaba: mlango unafunguka wote, mwenye goti bovu anaingia bila kujikunja, na ukichukua bawaba za kuchomoa, kiangazi unaing'oa milango unaiweka stoo. Ubaya wake ni upepo. Fungua vibaya siku ya dhoruba uone, mlango unakuponyoka mkononi unakwenda kupiga nguzo ya mbele. Na zile nguzo zilitengenezwa kubeba paa, si milango. Baada ya muda kigari kizima kinalia kama kitanda cha gesti. Reli haziogopi upepo na hazitaki nafasi ubavuni, ila mchanga na majani vinajaa kwenye mfereji, halafu mlango unaofunguka nusu ni mlango wa watu wembamba.

Sasa ambayo hukuuliza. Hiyo plastiki ni polikaboneti au akriliki? Polikaboneti ukiipiga nyundo inakurudishia nyundo yako. Mpira wa gofu, gramu 45 na ushee, hauitishi. Lakini inachubuka upesi: ukiipangusa kavu umeiharibu. Dawa ya vioo yenye amonia usiiguse nayo, kitambaa chenye petroli vilevile. Maji mengi, sabuni laini, basi. Na isiyopakwa kinga ya jua inageuka njano. Akriliki inavumilia mikwaruzo, ila ikipigwa inapasuka. Wipa usiweke juu ya polikaboneti isiyo na utando mgumu, utaona upinde umejichora mbele ya macho yako. Kwa mbele mimi naweka kioo halisi, kile cha tabaka mbili chenye utando katikati.

Halafu matobo. Watu wengi wanaharibia hapa. Karatasi ya polikaboneti ya mita 1, joto likipanda nyuzi 30, inarefuka karibu milimita 2. Tobo liwe pana kuliko skrubu, na skrubu usiikaze kama unafunga gurudumu. La sivyo ufa unaanzia palepale.

Nitajie modeli. Bodi ya kigari cha Club Car haikai kwenye cha E-Z-GO, na hata Club Car yenyewe, ya modeli ya DS si ya Precedent.

Mama_Kwema
Mchezo ulikuwa wa kutembea. Mkaleta kigari. Kigari nacho sasa kinataka milango. Kesho mtaomba ushauri wa kuweka kitanda humo. Mwanangu, chukua mwavuli utembee, hata hicho kichwa cha mkeo kitapona kwa hewa.

Siti_ya_Mbele
Mama, vitanda tusivitaje tena, Fundi keshaleta cha gesti.

Kobe_Mwendo
Mimi nimepitia kote. Nilianza na turubai, zipu ikafa msimu wa kwanza, nikawa nafunga kwa pini za nguo. Nikaona niwe mwanaume, nikafunga bodi ngumu. Hakuna aliyenionya kuhusu mvuke.

Asubuhi moja ya baridi, mvua nje, ndani mimi na shemeji na makoti yaliyolowa. Dakika chache tu vioo vyote vyeupe. Nikawa nafuta kwa kiganja, napata kiduara cha ukubwa wa sahani, naendesha kwa kiduara hicho hicho. Shemeji ananisimulia kesi yao ya kiwanja tangu ilipoanza, na shemeji huyu akisimulia anapumua kwa mdomo. Kila shahidi anayepanda kizimbani ni mvuke mwingine. Kiduara kikaziba. Nikasikia "puu", nikajua nimeua mtu. Kumbe ni ndoo ya maji ya kuoshea mipira, imeruka, maji yote yakanimwagikia miguuni kupitia mlango ambao nilikuwa sikuufunga vizuri. Kesi ya kiwanja hadi leo sijui iliishaje.

Weka matundu ya hewa. Juu na chini.

Volti_48
Kobe amesema la maana kwa njia ndefu. Hewa, mkuu. Betri zako umezikalia: sita za volti 8 zinakupa 48, au sita za volti 6 zikupe 36. Kama ni za risasi na asidi, zikiwa kwenye chaji zinatoa haidrojeni, na haidrojeni ikifika 4% ya hewa, cheche moja inatosha. Usichaji milango ikiwa imefungwa. Fungua yote na kiti ukinyanyue. Pia uzito wa bodi utakupunguzia mwendo wa chaji, jipange.

Mtulivu_Sana
Asanteni sana. Fundi ubarikiwe, kwa hiyo bawaba si kosa. Volti nimekupata, ingawa hilo la kuchaji halinihusu sana. Modeli nitaitazama kwenye karatasi zake. Kwa kweli naona nimeshapata jibu, kilichobaki ni suala la rangi tu.

Nesi_wa_Usiku
Subiri na rangi. Mtu mwenye kigari cha umeme anasemaje kuchaji hakumhusu?

Na mbona hicho kichwa cha mkeo wote mmekiruka? Kinaanza akiwa ndani? Akishuka akakaa nje kidogo kinatulia? Wewe mwenyewe je? Ila kabla ya yote: kigari ni cha betri au cha petroli?

Mtulivu_Sana
Dada nesi, nilisema tusitoke nje ya mada. Kichwa ni nailoni, ina harufu kali. Mimi nauliza milango.

Nesi_wa_Usiku
Sijakuuliza harufu. Betri au petroli?

Fundi_Mtaratibu
Jibu, mkuu. Hilo linabadilisha yote niliyokuandikia.

Mtulivu_Sana
Haya. Ni cha petroli.

Lakini msianze. Kianzio cha bodi nimeshatoa, ya kufunga pande zote, na muuzaji kaniambia inakubali kigari chochote. Injini ni ndogo, ina mafla yake, bomba la moshi linatazama nyuma. Tena nikisimama kinazima chenyewe, kimya kabisa, sauti hamna. Moshi utoke wapi? Na kichwa, mimi pia kinanigonga kidogo, ila mimi huwa sinywi maji ya kutosha.

Nesi_wa_Usiku
Uwiiii. Sasa nisikilize, weka milango pembeni.

Kaboni monoksaidi, gesi ya sumu iliyomo kwenye moshi wa injini ya petroli, haina harufu wala rangi. Unachokinusa ni nailoni, kinachokuumiza hukinusi. Ikiingia kwenye damu inang'ang'ania hemoglobini kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni, kwa hiyo damu inazunguka lakini haibebi kitu. Huanza kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu, halafu usingizi. Hapo kwenye usingizi ndipo watu wanapoishia, kwa sababu anayesinzia haoni hatari ya kusinzia. Watu wawili, kigari kimoja, kichwa kimoja. Hiyo siyo kiu.

Toa hiyo nailoni leo. Na mkeo mpeleke akaonwe, umweleze daktari kisa chote bila kuruka petroli kama ulivyoturuka sisi.

Fundi_Mtaratibu
Naongezea upande wa chuma. Injini iko nyuma ya visigino vyako, chini ya kiti. Ikiwa gasketi ya ekzosi, kile kizibo cha maungio ya bomba la moshi, imekufa, moshi unatokea hapo hapo, hausubiri kufika kwenye bomba. Na hata bomba likiwa zima, umewahi kukaa kwenye gari lenye dirisha la nyuma wazi kwenye barabara ya vumbi? Vumbi linaachwa nyuma lakini ndani linaingia, kwa sababu kisanduku kinachokwenda mbele kinavuta hewa ya nyuma yake. Wewe umejenga kisanduku.

Mzani_wa_Haki
Jamani mbona mnameza bila kutafuna? Nimerudi kusoma juu. Kigari cha PETROLI ambacho "nikisimama kinazima chenyewe, kimya kabisa". Kisha kinaondokaje, anashuka kukisukuma? Injini ya petroli isiyonguruma ikisimama mimi sijawahi kuiona. Hicho ni cha umeme, alipobanwa akabadilisha. Modeli ya kigari chake haijui. "Huwa napita kimya" na akaunti ina siku mbili. Hii ni chai, wakuu, tena ya moto.

Siti_ya_Mbele
Sukari ipite huku.

Mama_Kwema
Nilishangaa mapema. Mwenye shida ya kweli haulizi rangi.

Kobe_Mwendo
Na mimi nimemwaga siri ya ndoo yangu kwa mtu wa kutunga! Shemeji yangu anasoma humu.

Mtulivu_Sana
Naapa sijatunga. Kinazima kweli. Nikikanyaga kinawaka, nikiachia kinazima. Nifanyeje, niwarekodie sauti ya kimya?

Fundi_Mtaratibu
Mzani, punguza. Hapo hajadanganya. Vigari vingi vya gofu vya petroli ndivyo vilivyo: ufunguo unabaki umewashwa, na injini inasubiri mguu. Ukikanyaga pedeli, mota ya kuwashia inazungusha injini, inashika, unaondoka. Ukiachia ukasimama, inazima. Mtu asiyekizoea anadhani kimeharibika. Nilipopewa cha kwanza kukitengeneza, nilifungua kabureta nzima nikitafuta ugonjwa ambao haupo. Mwenye mali alipokuja akakanyaga, kikawaka, akaniangalia.

Ila kuzima huko hakumsaidii mleta mada. Moshi aliouvuta akiwa njiani unabaki naye ndani ya nailoni.

Volti_48
Nathibitisha. Mimi ni mtu wa umeme lakini hilo nalijua. Naomba radhi kwa somo la betri sita, kumbe anayo moja ya volti 12 ya kuwashia.

Mzani_wa_Haki
Pedeli nimekubali. Lakini modeli? Mtu hajui modeli ya mali yake aliyoilipia kianzio cha bodi? Jibu hilo nami nitamwagia chai yangu chini.

Mtulivu_Sana
Siijui kwa sababu si changu.

Ni cha baba mkwe. Amesafiri, akaniachia ufunguo niwe nakiwasha mara moja moja betri isife. Yeye ana miguu mibaya, mvua ikimkuta uwanjani anaumwa wiki. Nikasema akirudi akute kimefungwa vizuri, bawaba ili asijikunje, nyuma pazibwe asipate upepo wa kiuno. Nilitaka iwe ya kumshtukiza.

Siti_ya_Mbele
Angeshtuka, mbona.

Nesi_wa_Usiku
Kwa hiyo uliyemfungia moshi ni binti yake, na uliyekuwa unamwandalia ni yeye mwenyewe. Mkuu, nailoni imetoka?

Mtulivu_Sana
Imetoka yote, tangu jana jioni. Daktari kamwona mke wangu, kamwambia asikipande hadi ekzosi ikaguliwe. Mimi nimekizungusha peke yangu asubuhi, wazi, nimerudi sina kichwa. Na maji sijanywa zaidi ya kawaida, kabla hamjauliza.

Fundi, muuzaji nimemwomba tubadilishe ile ya kufunga pande zote. Niambie nichukue nini, mzee asilowe.

Fundi_Mtaratibu
Ekzosi na gasketi kwanza, hata kabla ya kioo. Kisha kioo cha mbele, na milango migumu ya nusu, inaishia kifuani, bawaba za kuchomoa kama ulivyotaka. Juu yake wazi. Nyuma paache wazi kabisa, hata siku ya dhoruba, hata mzee akikuomba. Nunua na king'ora cha kaboni monoksaidi, kile cha mashua na nyumba za magurudumu, maana cha ukutani hakikutengenezwa kwa mtikisiko. Lakini kisikufanye uzibe nyuma kwa kukitegemea. Na mtu asiwashe jiko la gesi humo kuota moto, nimewahi kuliona hilo.

Mlango wa nusu hautamkinga kichwa na mvua ya ubavuni. Mnunulie koti.

Mama_Kwema
Na mwavuli.

Fundi_Mtaratibu
Kuna kitu kinaniwasha. Tepu haishiki kwenye nguzo iliyolowa. Hiyo nailoni ilikaaje siku zote hizo na upepo huo?

Mtulivu_Sana
Tepu ilikuwepo. Pamoja na skrubu kidogo.

Fundi_Mtaratibu
Kwenye nguzo za mzee?

Mtulivu_Sana
Na paa.

Fundi_Mtaratibu
Matobo mangapi?

Mtulivu_Sana
Kumi na moja. Anarudi Jumamosi. Ile rangi niliyoulizia haikuwa ya fremu.