Naomba ushauri: draiva za taa ya LED ya rangi tatu

Wandugu, niko Lubumbashi, natengeneza taa ya kukuzia miche ya nyanya. Ina njia tatu: nyeupe, bluu na nyekundu, kila njia LED 12 zilizofuatana kwenye waya mmoja, miliampea 700. Nyeupe na bluu zinataka karibu volti 3.2 kila moja, nyekundu 2.2 hivi. Kwa hiyo njia mbili zinafika volti 38 na ya tatu 26 tu. Draiva moja (kifaa kinachodhibiti umeme unaoingia kwenye LED) kwa zote haifai.

Ninunue pawasaplai moja ya volti 48, wati 120, pamoja na draiva tatu za Mean Well LDD-700H? Au draiva tatu za kuunga moja kwa moja kwenye volti 220? Umeme wa mtaani kwetu unapanda na kushuka sana, na nataka kupunguza mwanga wa kila rangi peke yake. Aliyezitumia anielekeze, tafadhali.