Naomba ushauri: mapambo ya kuchapisha kwa ajili ya albamu ya kumbukumbu

Habari zenu wadau. Natengeneza albamu ya familia, ile ya kubandika picha, maandishi na mapambo ukurasa kwa ukurasa. Mapambo nayapakua bure mtandaoni: fremu, lebo, karatasi za maua. Kwenye skrini yanavutia mno. Shughuli iko kwenye printa.

Kubwa ni vipimo. Karatasi nyingi za mapambo huchorwa kwa mraba wa inchi 12, yaani sentimita 30.5 hivi kila upande, na printa yangu mwisho wake ni A4, yenye upana wa sentimita 21. Nikipunguza, maua yanabaki kama punje za mtama. Je, mnaligawa faili vipande viwili na kuunganisha, au nihamie albamu ya A4 moja kwa moja? Naegemea hilo la pili, ila kurasa za mraba ninazo tele na sitaki zikae bure.

Halafu wino. Printa yangu ni ya wino wa maji, na gundi ya maji ikigusa tu, rangi inatawanyika. Aliyetumia wino wa pigmenti (wenye chembe za rangi zisizoyeyuka kwenye maji) au printa ya leza anieleze tofauti, hasa kwenye karatasi nzito ya gramu 200 kwa mita ya mraba. Karatasi isiyo na asidi, ile isiyogeuka njano upesi, ninayo tayari, hapo msijisumbue.

Dogo la mwisho: faili likiandikwa "kwa matumizi binafsi", nikimtengenezea dada yangu albamu ya zawadi bado ni binafsi? Akinilipa, najua hapana.